Kopo la Moshi la Bwana Upepo

Kiwandani walimwita Bwana Upepo, na wala si kwa kumsifu. Miaka thelathini kazi yake katika kile kiwanda cha barafu ilikuwa moja: kujua gesi ya mitambo ikivuja itaelekea wapi na itamkuta nani. Kompyuta ilikuwa wapi siku hizo! Alikuwa na kopo la matambara yanayofuka moshi, uliofuata upepo kama gesi ingefuata, na alikuwa na mkewe. Yeye alisimama langoni na kopo, mkewe akatangulia vichochoroni na daftari, akiandika moshi umefika wapi, saa ngapi, na umewakera vipi waliomo. Majirani walicheka mpaka mbavu ziwaume.

"Leo mnamfukuza mbu wa nani?"

"Cheka tu, shemeji," mkewe alijibu, "pua yako ndiyo kipimo chetu!"

Jamani, siku zile zilikuwa tamu. Mzee akizikumbuka hujikuta anatabasamu peke yake.

Sasa amestaafu, mkewe ametangulia mbele ya haki, na kazi ile anaifanya binti yao, mhandisi. Jumamosi moja alimletea baba yake ramani ya kompyuta. Gesi ilipakwa rangi nyekundu. Nyuma ya ukuta wa ghala palikuwa na alama ya kijani: hapo ndipo watu wangekimbilia gesi ikivuja.

"Hapo hapana, mwanangu. Moshi hukaa hapo."

"Baba, hesabu imekubali. Kesho kutwa wanasimika kibao."

"Na ukuta, hesabu yako imeuona?"

"Ukuta ni ukuta tu, baba."

Mzee alipandwa na hasira. Ukuta tu! Akainama, akavuta daftari kutoka chini ya kitanda, akalifungua bila kutafuta ukurasa na kumkabidhi binti yake. Mwandiko ulikuwa wa mama yake:

"Nyuma ya ghala. Moshi umegoma kutoka. Nimekohoa hadi machozi, na mtoto tumboni amenipiga mateke mfululizo. Tusimlete mtu hapa."

Binti alitazama tarehe. Akahesabu kwa vidole.

"Ni mimi huyu?"

"Ni wewe."

Akajifuta macho. Kisha akafungua kompyuta, akaifuta ile alama ya kijani.

"Kopo bado unalo, baba?"

"Kopo lipo. Wa kutangulia na daftari ndiye hayupo."

"Nipe hilo daftari," alisema binti. "Nitatangulia mimi."