Vitz au IST? Mama mkwe wa Sapiwi ndiye aliyeniamulia

Mwangaluka wakuu. Hii siipambi wala siichambui kifundi, nawapa kama ilivyotokea hapa kwetu Simiyu.

Nilikuwa natafuta gari yangu ya kwanza. Duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Bariadi mjini limeanza kusimama, nikasema na mimi nionje usukani.

Nikabaki na mbili kichwani: Vitz na IST. Vitz ya cc 990 inakunywa mafuta kidogo na bei yake imetulia. IST ipo juu kidogo kutoka ardhini, ila bei nayo ipo juu. Niliulizia humu, wengi mkasema Vitz. Kwa mizunguko ya mjini mlikuwa sahihi, sikatai.

Ila nilikuwa na abiria mmoja.

Mama mkwe wangu anakaa Sapiwi. Stroke ilimlegeza mguu wa kushoto, na kliniki yake ipo Bariadi. Bodaboda hawezi tena kupanda. Mke wangu Kabula kazi yake iko Lagangabilili, ruhusa hapati kila mara. Wa kumpeleka ni mimi.

Sasa kwa wasio Wasukuma: mama mkwe hashikwi. Mkwilima, yaani mkwe wa kiume, anamheshimu kwa mbali, hata mkono hampi. Siku hizi wengine wanalegeza, ila mama yule ni wa kale, na mimi nampenda na ukale wake. Nimbebe mimi? Alishaanza kusema kliniki basi, atakaa tu nyumbani.

Nikaazima Vitz ya jamaa, Jumamosi tukaenda Sapiwi na Kabula ili mama aijaribu. Kabula alipotaka kumshika, mama akamzuia.

"Wewe kaa pembeni. Siku ya hospitali utakuwepo?"

Akaingia vizuri. Kutoka sasa. Kiti kiko chini, goti halina nguvu, akajaribu, akarudi. Akajaribu tena. Mimi nimegeukia zizi la ng'ombe kwa adabu, mikono inaniwasha. Mwisho Kabula akamtoa.

Wakuu, niliumia.

Wiki iliyofuata nikaazima IST. Akaketi kinyumenyume, akaingiza miguu mmoja mmoja. Kisha akashuka mwenyewe, akajifunga vizuri kitenge chake.

"Kabula, mwambie baba watoto wako, hii ndiyo."

Nipo hapohapo nasikia, ila ndiyo utaratibu. Nikasubiri nipelekewe ujumbe.

Msimu wa pamba ulipochangamsha duka nikaichukua IST. Inakunywa zaidi, siwadanganyi.

Siku za kliniki tunakuwa wawili tu, yeye nyuma, mimi mbele, kimya hadi mjini. Tukifika namfungulia mlango, naushikilia usicheze, naangalia pembeni. Yeye anauegemea mlango huohuo, anasimama. Uzito wake wote naupata mkononi.

Ndiyo namna pekee niliyowahi kumshika mkono mama huyu, na inanitosha.

Nilichojifunza: kabla hujauliza cc, jiulize atapanda nani, halafu mpeleke akapande na kushuka mwenyewe.

Wenye wazazi wa miguu mizito, ninyi gari gani imewakubali? Na timu Vitz njooni mnisute, nawasubiri hapahapa.