Marehemu Yuko Kwenye Simu

Sisi Warundi tuliokulia kambini Kigoma tuna ugonjwa mmoja: tukisikia mtu amefariki, hatuulizi mara mbili. Tunatafuta turubai. Kule kambini kilio kilikuwa hakijaisha, turubai limeshafungwa kwenye miti, wanawake wamekaa chini, na mtu ameanza kugomba kwamba kuni hazitoshi. Ugonjwa huo nilikuja nao hadi Louisville, Marekani, na ndio ulionifanya nimpikie msiba mtu aliyekuwa anakunywa chai.

Jirani yangu pale Newburg, mtaa wetu wa Louisville, mlango wake ukitazamana na wangu, alikuwa Myazidi kutoka Iraki. Wayazidi ni watu wa milima ya kaskazini, wanazungumza Kikurdi na wana dini yao wenyewe. Tulifanya kazi ghala moja, yeye akiendesha foklifti ya kuinulia mizigo, mimi nikibandika lebo kwenye maboksi. Aliishi na mama yake mzee, ambaye hakujua Kiingereza wala hakuonyesha nia ya kukijua. Kaka yake alibaki kwao, akawa kamanda wa wanamgambo waliolinda vijiji vyao. Nchi jirani ilimwita gaidi na ilikuwa ikivusha droni mpakani kumwinda. Mama yake alimwita mwanangu, na kila alipokaa kula aliweka simu karibu na sahani.

Jumamosi moja asubuhi nilimsikia mama yule akilia. Nilivuka korido na kitenge changu cha nyumbani. Jirani alikuwa mlangoni, simu mkononi. Mpwa wake aliyeko Buffalo alikuwa amempigia: droni imelipiga gari la kamanda barabarani, gari limeteketea lote. Mpwa ameona picha mtandaoni, na picha ya kamanda imeshazungushiwa mishumaa.

"Pole sana, kaka," nilimwambia, kwa Kiingereza chetu kile cha ghala. "Tutakuja kukaa na ninyi."

"Ngoja kwanza, dada," akasema. "Alishakufa zamani. Mara mbili. Mama akalia, halafu marehemu mwenyewe akapiga simu kulalamika kwamba hatumtumii picha."

Nilimsikia vizuri kabisa. Ila akili yangu ilikuwa imeshafika kwenye masufuria. Nani amwache mama mtu mzima alie peke yake, eti tunasubiri uthibitisho? Nilimpigia mdogo wangu Columbus, yeye ndiye mwenye masufuria makubwa ya shughuli, nikamwambia tumefiwa. Hakuuliza na nani. Aliuliza tuko wangapi.

Adhuhuri ilipopita, yeye na mumewe walikuwa wameshafika kutoka Columbus, masufuria yakigongana ndani ya gari. Viti vya kanisa vilishapangwa kwenye maegesho. Turubai jipya lilifungwa kutoka kwenye vyuma vya ngazi hadi juu ya gari langu. Na msema chochote wa kuongoza shughuli alikuwepo, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu, mchungaji asiye na kanisa lakini mwenye kipaza sauti chake mwenyewe. Jirani alisimama mlangoni akitazama yote hayo kwa macho ya mtu aliyekuta sherehe nyumbani kwake na yeye hakualikwa.

Mama akatolewa nje. Alifika ukingoni mwa turubai, akatazama juu, akasimama. Tulimvuta kwa heshima. Hakusogea. Akakaa kwenye kiti kimoja juani, peke yake, mgongo umenyooka.

Jirani akaninong'oneza: "Ni rangi. Wazee wetu hawapendi bluu. Ni mwiko wa zamani, samahani sana."

Nasema kweli, nilikasirika. Nimefunga turubai tangu utotoni na hakuna aliyewahi kulikataa kwa rangi. Lakini mfiwa ni mfiwa. Upande wa pili lilikuwa la kahawia, basi wanaume wakapanda tena kulifungua na kuligeuza, huku mchungaji akishikilia kona moja na kutangaza kwenye kipaza sauti: "Bon, tuvumilie kidogo, tunageuza mbingu." Mama akaja akakaa mkekani.

Ikabaki sala. Shemeji yangu wa Columbus, Mtanzania na Mwislamu safi, alishanyanyua mikono kusoma dua. Mchungaji alishaanza wimbo. Wakatazamana. Nikamwuliza jirani, marehemu tumwombee kwa upande gani.

"Sisi si Waislamu wala Wakristo," akajibu. "Wazee wetu husali wakilielekea jua."

Na jua ndiyo kwanza lilikuwa limeingia mawinguni. Tukakubaliana kila mtu aombe kimya akielekea anakoona panafaa. Shemeji akaelekea kibla, mchungaji akaelekea spika yake, na sisi wengine tukabahatisha kwamba jua liko nyuma ya duka la kufulia nguo. Gari lililokuwa likipita lilipunguza mwendo kutushangaa.

Hapo simu ya jirani ikaita. Namba ngeni, ya video. Akaifungua, akapiga ukelele, akakaa chini kwenye lami. Kwenye kioo alikuwepo mwanamume mwenye masharubu meupe na koti la vumbi, amekunja uso. Kamanda.

Mchungaji alichungulia begani mwa jirani, akarudi kwenye kipaza sauti. "Bamama na bababa, muvumilie. Marehemu iko ku simu. Donc, programu inabadilika."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia hata harusini. Mdogo wangu alimkumbatia mwanamke asiyemjua. Wanaume wakaanza kufungua turubai. Kamanda akataka kujua ni nani hao wote na nani amekufa.

"Wewe," jirani akamwambia.

Kamanda akauliza kimepikwa nini. Jirani akaielekeza simu kwenye masufuria, akamwonyesha pilau, akamwonyesha maharage. Kamanda akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa ameazima simu, alisema; yake aliizima asifuatwe. Aliingia kwa bibi mmoja kusalimia, na bibi akamkatalia katakata kuondoka kabla ya kikombe cha pili. Kikombe hicho ndicho kilichomwokoa. Nilijisikia nimeshinda, kana kwamba chai niliipika mimi.

Mama akaichukua simu. Alimtazama mwanawe kwa muda, akapitisha kidole juu ya uso wake kwenye kioo. Kisha akasema jambo fupi, na kamanda akaacha kucheka.

"Anauliza nani alikuwa ndani ya gari," jirani akaniambia. Nami nikawaambia wengine kwa Kiswahili.

Alikuwa dereva. Kamanda alimtuma akajaze mafuta wakati yeye anamalizia chai.

Mama akauliza tena. Kila swali lilipita kwa jirani, likapita kwangu, likawafikia watu. Mama yake dereva yuko wapi? Kambini, kwenye hema. Ameambiwa? Kamanda aligeuza uso pembeni. Bado. Barabara imefungwa, na huko mtandaoni aliyekufa ni yeye kamanda.

"Basi mwanamke yule," mama akasema, "sasa hivi anakulilia wewe."

Akamrudishia jirani simu. Akaenda mkekani, ambako turubai lilishaondolewa, akakaa chini ya anga tupu.

Nilijisikia vibaya sana. Vigelegele vyangu vilikuwa bado vinanikereketa kooni. Mchungaji alizima spika yake bila kuambiwa. Mimi niliwaambia wanaume wafunge turubai upya, kwa ajili ya dereva, nao wakalifunga haraka haraka, bila kutazamana. Walipomaliza ndipo nilipoona wamelifunga kinyume. Upande wa bluu ulitazama chini, juu ya kichwa cha mama.

Nilifungua mdomo niwagombeze. Mama akanivuta kitenge, akaniketisha kando yake. Alitazama juu, akaiona rangi ile, akashusha macho. Hakuondoka pale mpaka masufuria yalipopoa.