Asumini Niliyompa Mama Mkwe

Haya, chekeni sasa mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Ndiyo, ni mimi Salimu niliyempa mama mkwe vikuba vya asumini, vile vishada vya maua avaavyo mwanamke, mchana kweupe, pale Msambweni, majirani wakitazama, na kama yuko anayedhani nitajificha uso kwa sababu hiyo basi atangoja sana, kwani aibu niliiona siku ile ile na ikatosha.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mimi kwetu ni upande wa Tanga, nilikuwa nimevuka kuja kuhudumia mezani katika hoteli moja ya ufuoni Diani, na miaka yote watu wetu walikuwa wakivuka Lungalunga kwenda kuzika na kuozesha kama mtu anayetoka chumbani kwenda jikoni. Ghafla tukaambiwa huku ni nchi na kule ni nchi, kila moja na bendera yake. Basi nami nikajiona mgeni, tena mgeni hasa, wa kuvuka mpaka (msicheke kabla ya wakati wake).

Ndipo nikampenda Mejumaa, binti wa Msambweni niliyemwona arusini Mwabungo. Mjomba wangu Bakari akaja kutoka Tanga akapeleka barua ya posa, na jibu likarudi zuri: mleteni kijana Ijumaa baada ya sala, tumwone. Kuonwa tu, hakuna zaidi! Mjomba akanifunda kwa maneno machache.

"Ukifika utaamkia, utaketi, utanyamaza. Mengine niachie mimi."

Ningemsikiliza, leo msingekuwa na cha kuchekea. Lakini wiki hiyo hiyo Mzungu mmoja alikuwa amesahau kijitabu chumbani kwake hotelini, kijitabu cha kuwafunza wasafiri adabu za nchi za watu, na Kiingereza changu cha kuchechemea kilinitosha kuelewa kwamba ukienda nyumbani kwa mtu ugenini unagonga mlango na kusubiri, unampa mwenyeji mkono kwa nguvu huku unamtazama machoni, na huendi mikono mitupu, unampelekea mama mwenye nyumba maua. Nikajiambia, mjomba anajua mambo ya nyumbani, lakini hapa ni ugenini, na ya ugenini yameandikwa.

Maua ya kizungu ningeyapata wapi? Nikanunua vikuba viwili vya asumini Ukunda. (Najua mnachotaka kuuliza: kwani Salimu hukujua kwamba asumini mume humpelekea mkewe chumbani? Nilijua! Mama yangu hakuzaa mjinga. Ila nilisema hiyo ni mila ya kwetu, na hapa si kwetu.) Nikavificha ndani ya kanzu, na mjomba njia nzima ananusanusa akidhani ni mafuta ya nywele.

Tulipofika, mjomba alikutana na mzee wanayejuana, wakaanza kuulizana hali za watu na mifugo, nami nikatangulia. Sikupiga hodi. Niligonga mlango mara tatu, nikasimama kimya kama nilivyosoma. Ndani nako kukawa kimya, maana kwetu anayegonga bila hodi ni askari. Nikasikia mtu akinong'ona, "Usifungue." Nikagonga tena, kwa nguvu zaidi.

Mlango ukafunguliwa na mama mtu mwenyewe, Bi Mwanakombo. Hata shikamoo sikukumbuka. Niliudaka mkono wake nikautikisa, macho yangu ndani ya macho yake. Mkono wa mama mkwe! Mkono ambao hata kwenye msiba ningepaswa kupita mbali nao. Ningeachia hapo labda ningesamehewa, lakini nikaingiza mkono kifuani nikatoa vile vikuba.

"Hivi ni vyako, mama."

Majirani waliokuwa jikoni wakisaidia kupika walikuwa wameshachungulia, na mmoja wao (Mungu anamjua) akapiga kigelegele.

"Njooni mwone! Bi Mwanakombo kaposwa!"

Baba mtu, Mzee Hamadi, akatoka uani. Mjomba alipofika na kuona asumini mkononi mwa mkwe, aliketi chini kwenye mchanga na kanzu yake nyeupe.

"Bakari," alisema Mzee Hamadi, "barua yenu mtarudi nayo. Binti yangu simpi mtu asiyejua mlango wa mkwe."

Hapo ndipo nilipoinamisha uso. Nyuma ya pazia kulikuwa na mtu analia, nami nilijua ni nani, na moyo uliniuma kuliko nilivyowahi kuumwa. Kisha nikainua uso.

"Mzee, kosa ni langu na ninaomba radhi. Lakini barua siichukui. Ukinifukuza hapa nitakaa njiani, na njiani si kwako." Nikatoa kijitabu. "Kilichonipoteza ni hiki."

Bibi yake Mejumaa, aliyekuwa ameketi mkekani muda wote, akasema, "Hebu kisome."

Nikawa nasoma na kufasiri. Kilisema usimuulize mtu anatoka wapi wala anakwenda wapi.

"Sasa wao huamkiana kwa lipi?" akauliza bibi.

"Huzungumza habari za mvua, bibi."

"Hata kama hainyeshi?"

"Hata kama hainyeshi."

Nikaendelea: usimtembelee mtu bila kumpa habari kwanza. "Je, akifiwa?" akauliza bibi, na hapo jikoni kote wakaangua kicheko. Mzee Hamadi alikuwa amekunja uso, lakini masharubu yalikuwa yakimcheza.

"Ijumaa ijayo," alisema hatimaye. "Umfuate mjomba wako nyuma. Na hicho kitabu kisiingie kwangu."

Ijumaa ile nilipiga hodi hadi nikaitikiwa, nikaamkia kichwa chini, nikaketi, nikanyamaza hivi kwamba mjomba alinifinya kuona kama ni mzima. Nikapewa mke. Basi nanyi mnaosafiri, mkitaka adabu za mahali muulizeni aliyezaliwa pale, kwani aliyeandika kile kijitabu hakuwahi kuposa Msambweni. Mimi mlango wa mtu sitaugonga tena hadi nife. Lakini kuona haya, hapana. Wapo walionyamaza vizuri sana siku ya kuonwa, na leo wanalala peke yao.

Siku ya arusi, nilipokuwa naingia ndani na asumini zangu, wanawake wamejaa hadi ukumbini, sauti ya mama mkwe ilitoka nyuma ya pazia, ya taratibu, na wote wakaisikia.

"Mwambieni bwana arusi, leo asikosee mlango."

Walicheka hadi nje. Nami, kichwa juu, nikapita katikati yao nikaingia kwa Mejumaa.