Kufuli la Nje

Duka nililokuwa nauzia kule Nyarugusu halikufungwa usiku, maana wachimbaji wa dhahabu hutoka mashimoni saa yoyote, na njaa yao. Duka la jirani lilipovamiwa, bosi wangu akaimarisha ulinzi: nondo kutoka sakafuni hadi darini, kidirisha cha kupitishia soda na mkate, taa kubwa nje, na filimbi shingoni mwangu. Kisha akatia kufuli mlangoni kwa nje, ufunguo akaenda nao nyumbani.

"Ni kwa usalama wako, binti," alisema.

Usalama gani huo, wa kuku tunduni? Lakini niliingia. Mgeni kutoka Ushirombo hana kauli.

Upweke wa mle ndani sikuutegemea. Kwetu salamu ni kushikana mikono. Pale niliona vidole na noti, basi. Jirani yangu alikuwa mama mkaanga samaki, ng'ambo ya barabara. Nikimpigia shikamoo, huitikia marahaba bila kuinua uso kwenye karai.

Usiku mmoja waya wa friji ukashika moto, duka likajaa moshi. Nikapuliza filimbi kwa pumzi zangu zote. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakatoka kweli na marungu yao. Lakini kwao filimbi ni wezi, na wezi huzibiwa njia kwanza. Wakakimbilia njia panda na barabara ya mashimoni, wakajipanga huko, wote wamenipa mgongo. Nililia "Moto!" na mayowe yao yakanimeza. Niliogopa sana. Nilijua nakufa na watu wamejaa nje.

Yule mama ndiye aliyekuja. Akapenyeza mkono unaonuka samaki, akanishika.

"Leta pua hapa kidirishani, mwanangu. Sikuachi."

Akafoka kwa Kisukuma mpaka mchimbaji mmoja akarudi na nyundo, akavunja kufuli. Muda wote huo mama hakuniachia mkono. Nilipotoka, wanaume wakauzima moto kwa mchanga.

Asubuhi bosi alikagua bidhaa, halafu mimi. Jioni akaja na kufuli jipya, kubwa kuliko la kwanza. Nikamwambia ufunguo mmoja ukae kwangu, la sivyo siingii.

"Sasa usiku wewe unataka kwenda wapi?" akauliza, na wala hakuwa ananikebehi.

Nyarugusu nzima sikuwa na ndugu.

"Ng'ambo ya barabara," nikasema, nikanyoosha mkono nipewe ufunguo.