Walinikalia Matanga Ningali Napumua

Salamu kwenu mnaougua, na ninyi mnaouguza. Mimi naitwa Mwavita. Nilizaliwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa ukitoka Kigoma, wakati wa vita, ndiyo maana nikapewa jina hilo, na vita vingine vikanikuta mtu mzima, nauza vitenge sokoni. Nimeombwa nieleze jinsi nilivyopona ili wengine wapate moyo. Nitaeleza. Lakini anayetaka ushuhuda wa mtu mpole aliyesamehe wote, amtafute mwingine.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa na mwili wangu mzuri, na kicheko changu kilisikika kabla sijafika. Ukoo wetu ni wa wachuuzi wa ziwani. Bibi yangu, Tausi, alivusha bidhaa kati ya Kigoma na kwetu tangu ujana wake. Vita viliposhika, njia za kwenda bara zikawa za mishale na bunduki, na watu wakakimbilia Kalemie na magodoro kichwani. Nyumba yetu ya mtaa wa Kataki ikajaa shangazi na binamu mpaka jikoni. Biashara ikalala. Alasiri nikawa naenda kukaa kwenye kibanda cha kuchaji simu, na hapo ndipo nilipoingia kikosini.

Mwenye kibanda aliitwa Freddy, lakini sisi tulimwita Kamanda, kwa sababu ndiye aliyeongoza kikosi chetu katika mchezo wa ngome. Ni mchezo wa kwenye simu. Kila mtu anajenga ngome yake na meli zake, kisha kikosi kizima kinapigana na vikosi vya miji mingine. Sisi tulikuwa watu wa Kalemie, na wengine wa Moba na Kigoma. Watu walitucheka: "Hii vita ya kweli haibatoshi?" Mimi nilijibu kwamba katika vita vyetu mtu akianguka, anaamka.

Jina langu kikosini lilikuwa Mamba. Nilikuwa na meli moja kubwa, Bibi Tausi, niliyoijenga ubao kwa ubao kwa muda mrefu, na hapakuwa na nyingine kama hiyo ziwa zima. Mnicheke mkitaka. Vitenge vyangu vilikuwa vya mkopo, chumba changu kilikuwa cha shangazi, lakini meli ile ilikuwa yangu.

Kikosi kilikuwa na desturi mbili, na lazima mzijue. Ya kwanza: kila mmoja alimwachia Kamanda neno lake la siri, ili rezo, yaani mtandao, ikikatika, au mtu akikimbia mapigano, ngome yake ipate mlinzi. Ya pili: mali ya mtu aliye hai haiguswi bila yeye kukubali, ila ya marehemu inagawanywa baada ya matanga. Ndiyo, matanga tulikaa kwenye simu, tukaandika pole na kila kitu. Tuliwahi kumlilia hivyo mwenzetu mmoja wa Moba aliyeuawa njiani, na tulilia kwelikweli.

Ugonjwa ulianza kwa kichwa. Halafu homa, inayopanda kila jioni. Mama yangu akasema, "Hii njo palu, mutoto wangu," na nani angembishia? Huku kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitishe vinginevyo. Nikanywa vidonge, nikachomwa sindano mtaani, homa ikashuka siku moja kunidanganya, ikarudi. Ulimi ukawa mweupe. Chakula kikawa kinanuka chuma. Mara naharisha maji ya kijani, mara choo hakitoki kabisa, na tumbo linavimba. Maji ya kunywa tulikuwa tunachota ziwani, na kuni za kuchemshia hazikutosha nyumba yenye watu wengi namna ile.

Mchana mmoja nilikuwa nimelala kwenye mkeka nikasikia kitu kinapasuka ndani, chini ya kitovu. Maumivu yaliyofuata siwezi kuyaeleza vizuri. Nilijikunja nikashindwa kupiga kelele. Tumbo likawa gumu kama meza. Mama alinigusa kidogo tu, nikamuuma mkono.

Aliyenibeba ni Bahati, dereva wa pikipiki, rafiki yangu wa kikosini. Alinikalisha katikati, mama nyuma akinishika kiuno. Kila shimo la barabara nililipia. Nilitapika mgongoni mwa Bahati naye hakusimama, alisema tu, "Tapika, Mamba, tapika, shati litafuliwa."

Hospitalini daktari alinibonyeza, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Ni tifoide, homa ya matumbo," akamwambia mama. "Utumbo umetoboka, uchafu umemwagika ndani. Tunapasua leo hii. Mutafute damu."

Mama alikuwa hajui aanzie wapi. Bahati akatoa simu akaandika kikosini: Mamba anapasuliwa, anahitaji damu ya kundi O. Niliyasikia haya baadaye, kwa maana mimi nilikuwa tayari sijielewi. Wakaja watu ambao sikuwahi kuwaona uso. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, bado ana magamba mikononi. Kijana wa bandarini. Wakafika mlangoni wakauliza, "Mamba iko wapi?" Muuguzi akawafokea kwamba hapa ni hospitali, mamba wako mtoni Lukuga. Walipojieleza alicheka, akawafunga mikono akawatoa damu. Kamanda hakuja. Aliandika kwamba hawezi kuacha kibanda.

Nilizinduka nikiwa na mrija puani na mwingine mkononi. Ubavuni walikuwa wamenitolea utumbo nje, umechungulia mwekundu, na choo kinatokea hapo. Mifuko ya kukingia choo haikuwepo kwa sababu ya vita, kwa hiyo mama alikuwa ananifunga vipande vya kitenge, anafua, ananifunga tena. Halafu mshono ukaoza. Ukafunguka wote, usaha ukatoka, nikawa naona nyama yangu mwenyewe. Walikuwa wanausafisha kila asubuhi na mimi nauma shuka. Harufu yangu iliwafukuza wageni. Nilibaki mifupa. Nikageukia ukuta nikaacha kula. Mama akileta uji nafumba mdomo.

Daktari alikaa kitandani kwangu akasema, "Mwavita, dawa yangu imefika mwisho. Kidonda hakifungi kwa muntu mwenye hakuli. Ukikula, utapona. Ukikataa, sina la kufanya."

Nilikuwa nimeamua kufa, nasema wazi. Nikamwomba mama simu yangu, ambayo ilikuwa imezimwa tangu siku ya upasuaji, niwaage wenzangu. Muuguzi akaichaji. Nikafungua kikundi cha ujumbe cha kikosi chetu.

Nikakuta matanga.

Kamanda alikuwa ameandika: "Ndugu, Mamba wetu ametutoka. Mwili umevushwa Kigoma kwa ukoo wake. Tukae matanga, halafu tutagawana kama desturi." Chini yake pole tupu. Muuza ndagala, ambaye damu yake ilikuwa inatembea mwilini mwangu, alikuwa ameandika kwamba ameshindwa kula siku nzima. Bahati alikuwa ameandika, "Mwongo! Mamba iko hai, nimetoka kumuona," na mstari uliofuata ulisema Bahati ameondolewa. Halafu picha ya Bibi Tausi, meli yangu, imetia nanga mbele ya ngome ya Kamanda. Pambano kubwa na kikosi cha Uvira lilikuwa linakaribia, na alikuwa anaitaka meli ile. Mali ya aliye hai haiguswi, basi akaniua. Lakini mpumbavu yule alimtoa kikosini aliyesema ukweli, akasahau kumtoa marehemu.

Nilisoma yote mara mbili. Joto likanipanda kutoka miguuni, na safari hii haikuwa homa. Nikasema, "Mama, lete uji."

Mama alidhani amesikia vibaya. Nikaumaliza bakuli zima, nikatapika nusu, nikaomba mwingine. Kila kijiko nilikuwa nasema moyoni: hiki ni chako, Kamanda. Wakija kusafisha kidonda nasema: na hiki nitakulipa. Mama alinisikia nanong'ona akadhani nasoma dua. Dua nilisoma pia, lakini jina la Kamanda lilikuwemo ndani.

Bahati alipokuja, aliinamisha kichwa. "Nilishindwa kukuambia, Dada. Niliogopa utakufa kwa uchungu."

"Sifi tena," nikamwambia. "Wapitie wale walionipa damu, mmoja mmoja. Mwambie kila mmoja aje aone maiti. Na asiandike neno kikundini."

Wakaja. Mwalimu alisimama mlangoni akalia kama mtoto. Muuza ndagala alinikaripia kana kwamba nilikufa makusudi, halafu akanipa ndagala wa kukaanga, ambao nilikula mifupa na vichwa. Siku hiyo hiyo tukaanzisha kikosi kipya tukakiita Marehemu. Amri yake ilikuwa moja: neno la siri unalala nalo mwenyewe. Wa Kigoma wakatufuata, na wa Moba.

Nilianza upya na mtumbwi. Kutoka meli ile kubwa, mtumbwi! Niliucheza nimelala chali, kitambaa cha kitenge ubavuni kimelowa choo, simu juu ya kifua. Bahati alikuwa anaichaji kwenye betri ya pikipiki yake. Nikichoka, mwalimu ananiandikia, "Mamba, bado uko na sisi?" Najibu, "Niko." Siku nyingine hilo ndilo neno pekee nililoweza. Kidonda kikaanza kujaa nyama nyekundu, nzuri. Muuguzi aliniuliza ninatumia dawa gani ya ziada. Nikamwambia ninayo, haiuzwi famasi.

Miezi ikapita. Wakanipasua tena, wakarudisha utumbo ndani, wakafunga. Siku nilipojamba kwa njia aliyoiweka Mungu, mama alipiga vigelegele wodini, na wagonjwa wote wakapokea. Nawaambia, hakuna muziki mtamu kama ule. Nikajifunza kutembea: mpaka dirishani, mpaka uani, mpaka barabarani nikiwa nimemshikilia mama.

Nilipoweza kufika kibandani kwa miguu yangu, niliwaambia Marehemu, "Ni leo."

Asubuhi hiyo tulimzunguka Kamanda. Sisi wote, na mitumbwi yetu na mashua zetu za kuungaunga. Alidhani ni kikosi kipya cha watoto. Alituma meli ya Bibi Tausi itusage. Lakini meli ile niliijenga mimi, nilijua pale chini nyuma ambapo sikuwahi kumaliza kuweka chuma. Tukapiga hapo tu, hapo tu, wote pamoja, mpaka ikazama. Iliniuma kuizamisha. Halafu tukaingia kwenye ngome tukateremsha bendera, na katika mchezo ule bendera ikishuka, mwenye ngome amekufa, anaanza na mtumbwi.

Alasiri tukaenda kibandani kwake. Nilitandika mkeka mbele ya mlango. Muuza ndagala alileta chai kwenye themosi, kitambaa cheusi kichwani. Mwalimu akavua viatu akakaa, Bahati akakaa, na kijana wa bandarini. Mimi nikakaa katikati, nimejifunga khanga kama mfiwa. Majirani wakaanza kusogea.

"Poleni. Nani amekufa?"

"Kamanda," nikajibu.

"Freddy? Si huyu hapa ndani?"

"Njo yeye. Tumemuzika asubuhi. Karibuni chai."

Kamanda alikuwa amesimama nyuma ya simu za watu, mdomo wazi, macho yananitazama mimi. Nilikuwa nusu ya mwili alioujua. "Mwavita," akasema. "Banasema... banasema ulikufa."

"Nani alisema?"

Akaanza kupanga upya simu za watu. Watu walikuwa wamejaa. Nikapandisha blauzi kidogo nikawaonyesha kovu, kutoka chini ya matiti hadi kinenani, na la ubavuni. Haikuwa heshima, najua, na mama alinigombeza. Ila nilitaka alione kaburi alilonizika.

Mtu alikuwa ameshakimbia kumwambia mke wake kuna matanga kibandani. Akaja mbio, analia, kitenge kinaburuta vumbi, akamkuta mumewe amesimama mzima. Akanigeukia. Nikamweleza yote, polepole, sikumpunguzia hata neno. Akamgeukia mumewe.

"Ulizika muntu muzima," akamwambia, "sababu ya meli ya ndani ya simu?"

Kisha akavua viatu, akakaa mkekani kando yangu, akapokea kikombe cha chai.

Namshukuru Mungu, alhamdulillah. Namshukuru mama aliyefua kinyesi changu bila kukunja uso, daktari na wauguzi, Bahati na shati lake, na wenzangu wa damu. Nanyi mnaougua sikieni: homa isiyoshuka kwa dawa ya malaria, usibaki nayo nyumbani, nenda ukapimwe. Chemsha maji hata kama kuni ni chache. Ukipewa uji, kunywa. Kama una tumaini, kunywa kwa tumaini. Kama huna, mtafute mtu anayekuombea ufe, kunywa kwa ajili yake.

Freddy bado anachaji simu za watu. Mara nyingi amemtuma mwalimu aje aniombe niondoe matanga yake, kwa sababu mtaani wanamwita Marehemu mpaka leo. Mwalimu anasema imetosha. Mama pia anasema imetosha. Mimi nawajibu kwamba mkeka bado ninao, na sijaukunja.