Mama wa Jagi
Jumapili iliyopita, kwenye mgahawa wangu wa mtaa wa Shanwe, niliouanzisha mwenyewe bila cheti chochote cha shule, mtoto mmoja alificha mikono mhudumu alipomletea jagi la kunawa. Nikajikumbuka nilipokuwa na umri wake.

Siku hiyo baba alinipeleka hoteli moja ya mjini, mtaa wa Majengo, baada ya misa. Supu ilinukia, chapati zikilia kwenye mafuta. Mama mwenye hoteli akainama na jagi aninawishe. Mimi! Kwetu Mpimbwe mtoto ndiye aliyenawisha wakubwa. Heshima yote hiyo ya nini? Nikajua baba ananiacha kwa yule mama. Nikang'ang'ania shati lake.

"Baba, nimekosa nini?"

"We nawa, ule. Leo na wewe mgeni," akacheka.

Tulirudi wote nyumbani. Lakini mpaka leo, tajiri mzima, mtu akininawisha kwa adabu sana, nashika kwanza ufunguo wa gari, nisije nikaachwa.