Mashine ilisimama, nikamufokea jirani

Leo nimegombana na jirani bure, tena mbele ya watu!

Mashine yangu ya kuchonga mbao kwa kompyuta ilikuwa inasimama katikati ya kazi. Nikamufokea Baba Shabani, anayechomelea vyuma hapa pembeni: "Umeme wako unaichanganya!"

Muzee wa watu akazima mashine yake ya kuchomelea. Nikawasha yangu, ikasimama tena.

Tukiwa bado tunabishana, Yusufu akaja kuchukua betri za taa zake za kuvulia ndagala, wale samaki wadogo. Wavuvi wanachajia kwangu kila siku. Akachomoa chaja.

Nikawasha tena, mashine ikachonga mpaka mwisho.

Nikaufuata waya wa chaja kwa mkono.

Kumbe niliufunga mimi mwenyewe pamoja na wa mashine, na umeme wake ndio ulikuwa unaichanganya!

Baba Shabani akasema: "Basi nichongee kibao cha jina la atelie yangu ya kuchomelea."

Iko inachonga sasa hivi. Na yeye anachomelea.

Chekeni tu. Haisimami!